Figa Moja Likiondoka: Mwongozo wa Usingizi wa Mtoto Mchanga

Kama unasoma haya huku mtoto kakulalia begani na macho yako yenyewe yanafumba, fanya hili kwanza: mlaze chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto, uso wazi, karibu nawe kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kisha nawe ulale. Mengine utayasoma asubuhi.

Haya, karibu tena. Sasa tukae tuzungumze.

Tunazungumzia kifo kile kinachosimuliwa kwa sauti ya chini. Mtoto wa miezi miwili au mitatu kanyonya vizuri, kalala, asubuhi mama anamgusa na mkono wa mtoto ni wa baridi. Hakulia usiku. Hakuwa na homa ya kutisha. Kabla jua halijapanda majirani wana majibu tayari: kalaliwa na mama yake, kapigwa jicho, dege limepita juu ya paa.

Madaktari wanakiita kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, na jina hilo lina masharti yake. Mtoto awe hajatimiza mwaka. Maiti ichunguzwe, mahali alipofia pakaguliwe, historia ya afya yake isomwe, na baada ya hayo yote sababu isipatikane. Kwetu masharti hayo hutimia kwa nadra, kwa sababu mtoto akifa alfajiri, alasiri keshazikwa. Ndiyo maana kifo hiki kinaonekana kwa wengi kama ugonjwa wa Wazungu, kitu cha nchi zenye vitanda vya watoto na vyumba vyenye mitambo ya joto. Mimi siamini hivyo. Shina la ubongo la mtoto wa Temeke linafanya kazi ileile na la mtoto wa Oslo, na mafua wanayoambukizwa hayajui mipaka.

Mafiga yenyewe

Mwaka 1994 wanasayansi wawili wa Marekani, James Filiano na Hannah Kinney, waliandika maelezo ambayo watafiti wengi wanayategemea mpaka leo. Walisema mtoto hafi hivi kwa jambo moja. Sharti mambo matatu yakutane usiku mmoja. Wao walichora miduara mitatu inayoingiliana. Mimi ninayefikiria kwa mifano ya jikoni naona mafiga. (Mafiga ya kupikia, siyo yale ya kampeni za uchaguzi wala yale ya mapenzi.) Sufuria haikai juu ya mafiga mawili, na hapo ndipo penye nafasi yako wewe mzazi.

Figa la kwanza ni mtoto mwenyewe, aliyezaliwa na udhaifu usioonekana kwa macho. Uzito wake uko sawa, mstari kwenye kadi ya kliniki unapanda, anacheka na kila mtu. Ila kwenye shina la ubongo, pale panapoendesha pumzi, mapigo ya moyo na kuamka usingizini, kuna kasoro. Kundi la Kinney huko Boston lilipima ubongo wa watoto waliokufa hivi, na mwaka 2010 likatangaza kwamba serotonini, kemikali inayomsaidia mtoto kushtuka hewa inapokuwa nzito, ilikuwa chini kwa asilimia 26 ikilinganishwa na watoto waliokufa kwa sababu zinazojulikana. Wengine kasoro yao iko kwenye moyo. Nchini Norway zilichunguzwa jeni za watoto 201 waliokufa ghafla, na matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na mabadiliko kwenye jeni zinazosimamia umeme wa moyo. Kuna pia jeni za aina nyingine, zinazoamua kinga ya mtoto itawaka kwa ukali gani na itazimika lini. Hizo nitazirudia.

Figa la pili ni umri. Vifo hivi hukithiri kati ya mwezi wa pili na wa nne, na takriban tisa kati ya kumi hutokea kabla ya miezi sita. Ni kipindi cha mpito kwa kila kitu. Kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inapungua, na yake mwenyewe ndiyo kwanza inajifunza kazi. Mwili unaanza kutofautisha usiku na mchana: joto lake linashuka usiku, na kotisoli, homoni inayoituliza kinga isipite kiasi, nayo inashuka.

Figa la tatu ni lile lililomkuta usiku huo: kalazwa kifudifudi, kafunikwa kupita kiasi, shuka limemfika puani, chumba kina moshi, pua imeziba kwa mafua.

Jeni huwezi kuzibadilisha, na umri lazima aupite. Figa la tatu liko mikononi mwako, na mwongozo huu wote unahusu namna ya kuliondoa.

Moto ulio chini

Kabla ya kufika kitandani, nivumilie kidogo tuzungumzie mchochota. Neno hili huenda umelisikia hospitalini. Ni ule wekundu, joto na uvimbe unaotokea mwiba ukikuchoma: kinga imefika mahali pa tukio na inafanya kazi yake. Bila mchochota kidonda kidogo kingetuua. Tatizo ni pale moto unapowashwa kwa ajili ya kuchoma takataka ukashika nyumba.

Huko Oslo, Åshild Vege na Torleiv Rognum walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto waliokufa ghafla, wakitafuta interlukini-6, mojawapo ya kemikali ambazo kinga hutumia kupiga mbiu ya hatari. Karibu nusu ya watoto hao walikuwa na kiwango kinachofanana na cha watoto waliokufa kwa maambukizi makali, kama vile homa ya uti wa mgongo. Lakini walipotafuta maambukizi makali yenyewe hawakuyaona. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hapa mbiu ililia kwa nguvu zote na jambo lenyewe lilikuwa mafua ya siku mbili. Wazazi wengi wanaofiwa hivi husema vivyo hivyo wakiulizwa: "Alikuwa na kamafua tu."

Kwa nini kamafua kawashe moto mkubwa hivyo? Jim Morris wa Lancaster na Caroline Blackwell, ambao kwa miaka mingi waliufuatilia upande huu wa maambukizi, walielekeza kidole kwenye bakteria wa kawaida kabisa wanaoishi puani, hasa *Staphylococcus aureus*. Bakteria hawa wana sumu ambayo huitoa tu joto likiwa kati ya nyuzi 37 na 40 hivi. Pua ya mtoto aliyelala chali huwa na ubaridi kidogo kuliko hapo. Akilala kifudifudi, au pua ikiziba kwa mafua, joto la ndani ya pua linapanda na sumu inaanza kutoka. Watoto wengi wanahimili. Kinga yao inapiga mbiu, halafu inatoa kemikali nyingine za kuzima moto, kama interlukini-10. Ila mtoto aliyerithi jeni za mbiu kali na zimamoto dhaifu, tena yumo kwenye umri ambao kotisoli ya usiku iko chini, huyo anaweza kuzidiwa bila hata kulia.

Na moshi wa sigara huingia hapohapo. Unamsaidia bakteria kung'ang'ania ukuta wa koo, na nikotini yenyewe inavuruga uwezo wa mtoto kujinusuru. Mwaka 2000 watafiti wa Norway walionyesha kwamba vitoto vya nguruwe vilipopewa nikotini pamoja na interlukini-1, kemikali nyingine ya mbiu, vilishindwa kuirudisha pumzi baada ya kukatika. Mchochota na nikotini vikikutana vinazima ule mvuto wa mwisho wa pumzi ambao ungemwokoa.

Nimekuchosha na hayo makusudi. Ukiyaelewa, masharti yanayofuata hayatakuwa tena amri za nesi wa kliniki. Utajua kila moja linazima moto wa wapi.

Mlaze chali, na umjibu bibi kwa adabu

Kila usingizi, wa usiku na wa mchana, mtoto alale chali mpaka atimize mwaka. Ubavu hautoshi, kwa sababu mtoto wa ubavu huviringika akaishia kifudifudi. Akishaweza kujigeuza mwenyewe mbele na nyuma, mwache alale atakavyo, lakini wewe muanzishe chali.

Bibi atakwambia: "Atacheua apaliwe." Usimkatize, maana hofu yake ina mantiki. Kisha mwonyeshe kwa mkono wako: njia ya hewa iko mbele ya shingo, njia ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu, na maziwa yanayorudi lazima yapande mlima ndipo yaingie humo. Akilala kifudifudi, njia ya chakula ndiyo inakuwa juu, na yakirudi yanateremkia kwenye hewa. Chali ndiyo inayomkinga na kupaliwa. Mcheulishe begani kabla ya kumlaza, hapo wewe na bibi hamtagombana.

Isitoshe, bibi hana kosa la peke yake. Kitabu cha malezi cha daktari Benjamin Spock wa Marekani, kilichouzwa kwa mamilioni, kilianza miaka ya 1950 kuwashauri wazazi wamlaze mtoto kifudifudi, na hospitali nyingi zikafuata. Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake walirudi kusoma tafiti zote za zamani wakakuta kwamba dalili za hatari zilikuwepo tangu 1970. Walikadiria kwamba kama mtu angezikusanya mapema, vifo zaidi ya 10,000 nchini Uingereza, na angalau 50,000 ukijumlisha Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, vingeepukika. Sisi tulioambiwa tuache mambo ya bibi tufuate kitabu, tuna la kutafakari hapo.

Mabadiliko yalipokuja yalikuja kwa kasi. Uholanzi ilianza kuwaonya wazazi 1987. New Zealand na Uingereza zilifuata 1991. Huko Uingereza mtangazaji wa televisheni Anne Diamond, aliyefiwa na mwanawe Sebastian mwaka huohuo, alisimama mbele ya kamera kuwaambia akina mama wawageuze watoto wao. Marekani ikaanza kampeni yake 1994. Ndani ya miaka michache vifo vilishuka kwa nusu au zaidi katika nchi hizo, bila dawa mpya wala mashine. Jeni za watoto hazikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni namna walivyolazwa.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hulisahau: mtoto aliyezoea chali, siku akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza, hatari yake hupanda kuliko hata ya yule aliyezoea kifudifudi. Na hiyo siku ya kwanza huwa ni siku umerudi kazini, umemwachia dada wa kazi, shangazi, au jirani. Kwa hiyo usimwambie dada "mlaze vizuri". Mlaze mtoto chali mbele yake, mwambie sababu, kisha mwombe naye akuonyeshe.

Kuhusu kichwa kubonyea nyuma: mgeuze upande wa kutazama kila siku, na akiwa macho mlaze tumboni kwenye mkeka huku unamwangalia, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Shingo itakomaa na kichwa kitakaa sawa.

Wenye watoto njiti mtaniuliza, mbona hospitalini tulifundishwa kumbeba kifuani kama kangaruu, naye yuko kifudifudi? Endeleeni. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizofanya utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, ulioonyesha kwamba njia hiyo ikianza mapema huokoa maisha. Pale mtoto amesimama wima kifuani, ngozi kwa ngozi, uso umeelekea pembeni, na mtu anamwangalia. Ni tofauti na kumlaza tumboni kitandani na kuondoka. Lakini akitoka kifuani anakwenda chali kama wengine, tena kwa uangalifu zaidi, maana njiti wako kwenye hatari kubwa kuliko waliotimiza siku zao.

Kitanda, chandarua na vile vimito

Kariakoo au Gikomba utauziwa kile kineti cha mwavuli chenye kigodoro laini na vimito viwili vyenye maua. Chandarua kibakize, malaria haina mzaha. Vimito mpe mtoto mkubwa achezee. Mto, blanketi zito, mwanasesere, kanga iliyokunjwa ya kumzuia asiviringike: kila kimoja kinaweza kuziba pua au kumfanya avute tena hewa aliyokwisha kuitoa. Godoro liwe gumu na tambarare. Ukilibonyeza kwa kiganja likabaki na shimo, halimfai.

Hirizi, uzi mweusi, kipande cha mvuje: sikuambii utupe. Nakuomba tu visikae shingoni wakati wa kulala. Kama lazima viwepo, funga kwenye nguzo ya kitanda asikofikia.

Sasa suala gumu, kulala na mama. Miongozo ya Marekani inataka mtoto awe chumba kimoja na wazazi, lakini kitanda chake mwenyewe, angalau kwa miezi sita. Kumwambia hivyo mama wa chumba kimoja Manzese au Mathare, mwenye kitanda kimoja na chandarua kimoja, ni kumfanyia dhihaka. Naomba basi tutofautishe. Kuna hali ambazo kulala naye ni hatari isiyojadilika: mmoja wenu amekunywa pombe, au anavuta sigara hata kama havuti chumbani, au amemeza dawa za usingizi, au mtoto ni njiti. Na kochi ni baya kuliko kitanda chochote. Mama aliyesinzia na mtoto kwenye kochi la sebuleni yuko mahali pabaya zaidi ndani ya nyumba nzima. Kama unahisi utasinzia ukinyonyesha, hamia kitandani.

Nje ya hali hizo, mpe mtoto eneo lake ndani ya chandarua hichohicho. Wamaori wa New Zealand, waliokuwa wakifiwa na watoto kuliko wenzao, walikuja na jibu zuri. Kuanzia 2006 hivi, daktari wao David Tipene-Leach alihimiza wahakura, kikapu bapa kilichosukwa kwa majani, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto analala karibu na mama lakini ana ukuta wake. Wasukaji wetu wa ukili wa Pemba, Tanga na Lamu wangeweza kukisuka wakiwa wanapiga soga. Mpaka siku hiyo, mlaze upande wa mama pekee, siyo katikati ya baba na mama, wala karibu na kaka yake wa miaka mitatu anayerusha mateke, na shuka lenu liishie kiunoni.

Joto na moshi

Kuna watoto Dar es Salaam wanaovaa kofia ya sufu, soksi na sweta mwezi wa Februari. Mama mwenyewe kavaa dera jepesi na anajipepea. Kanuni ni nyepesi: mvishe kama ulivyovaa wewe, ongeza nguo moja tu. Njombe au Limuru mwezi wa Julai hiyo nguo moja itakuwa nzito, Mombasa itakuwa fulana. Usipime joto kwa vidole vyake, vidole vya mtoto huwa baridi kila wakati. Gusa shingo au tumbo. Pakiwa na jasho, vua. Ndani ya nyumba asilale na kofia, kwani kichwa ndicho dirisha lake la kutolea joto. Tafiti zilizojumlishwa 2008 zilikuta kwamba karibu robo ya watoto waliokufa hivi walikutwa kichwa kimefunikwa na matandiko.

Wa nyanda za baridi, jiko la mkaa lisiingie chumbani mnapolala hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Hewa ya mkaa ni sumu nyingine kabisa, haihitaji mafiga matatu, inaua familia nzima.

Sigara ni habari ndefu lakini nitaifupisha. Mama asivute akiwa mjamzito, baba asivute ndani wala karibu, na mgeni anayenuka sigara asimpakate mtoto. Ugoro usidhani umesalimika: utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2023 uliona kwamba akina mama waliotumia tumbaku ya mdomoni wakati wa ujauzito, watoto wao walikuwa na hatari ya kifo hiki karibu mara tatu. Nikotini ni nikotini. Moshi wa kuni nao unajulikana kuleta nimonia kwa watoto, hivyo ukipika usimfunge mgongoni. Mwachie mtu nje.

Titi, chanjo na usiku wa mafua

Nyonyesha. Mtoto aliyenyonya walau miezi miwili, hatari yake hushuka kwa karibu nusu, na ukimnyonyesha maziwa yako peke yake inashuka zaidi. Sababu umeshaijua: maziwa ya mama yamebeba kinga ileile inayompungukia mtoto, yaani yanamwongezea wazima moto. Chuchu bandia nayo imeonekana kupunguza hatari; kama unatumia, ichemshe, isiwe na kamba, na subiri mpaka kunyonya titi kumezoeleka.

Chanjo inataka maneno machache zaidi. Tanzania na Kenya watoto huchomwa sindano wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Hesabu mwenyewe: ni mwezi wa pili hadi wa nne, kipindi kilekile cha hatari. Kwa hiyo itatokea mtoto amechanjwa Jumatatu akafa Jumatano, na mtaa mzima utaapa ni sindano. Walipolinganishwa watoto wengi kwa pamoja, katika uchambuzi wa 2007, waliochanjwa walikuwa na hatari karibu nusu ya wasiochanjwa. Baada ya yale tuliyosema juu ya bakteria na sumu zao, hilo halipaswi kukushangaza. Mpeleke.

Na usiku akiwa na mafua: msafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, mnyonyeshe mara nyingi kidogo kidogo, mpunguzie nguo badala ya kumwongezea, na usimlaze tumboni eti kifua kitoe makohozi. Lala ukiwa karibu naye. Usimpake dawa kali za kunukia puani. Kama hajatimiza miezi miwili na ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili umekuwa wa baridi isivyo kawaida, usisubiri kuche. Vivyo hivyo akikataa titi, akipata degedege, akilegea asishtuke hata ukimgusa, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akihema mara 60 na zaidi kwa dakika (50 na zaidi akishafika miezi miwili). Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, akiwa ametulia.

Ulizia ukoo

Kazi hii ifanye mchana, kwa chai. Waulize wazee wa pande zote mbili: kuna kijana aliyewahi kuanguka akafa uwanjani? Kuna aliyezama majini ilhali alijua kuogelea? Kuna wanaozimia wakishtuliwa? Kuna mama aliyezika zaidi ya mtoto mmoja wakiwa wamelala? Jibu likiwa ndiyo, mwambie daktari waziwazi na uombe mtoto apimwe umeme wa moyo, kipimo cha ECG. Hakiumi na huchukua dakika chache. Yako matatizo ya mapigo ya moyo yanayorithiwa ambayo hudhibitiwa kwa vidonge vya kila siku.

Ikiwa umeshafika msiba

Hapa sizungumzi na mama tena. Nazungumza na wewe shemeji, jirani, mjumbe wa nyumba kumi, askari wa zamu.

Mwaka 1999 mahakama ya Uingereza ilimhukumu Sally Clark, mwanasheria, kifungo cha maisha kwa kuwaua wanawe wawili, mmoja wa wiki 11 na mwingine wa wiki 8. Daktari bingwa Roy Meadow aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya asili katika familia kama ile ni mmoja kati ya milioni 73. Alichukua 8,543, akaizidisha kwa 8,543. Hesabu ya namna hiyo ni sahihi kwa dado, siyo kwa ndugu wa tumbo moja wanaochangia jeni, chumba na bakteria wa nyumba ileile. Kisha ikagundulika kwamba vipimo vya maabara vya mtoto wa pili vilikuwa vimeonyesha *Staphylococcus aureus* hata kwenye maji ya uti wa mgongo, na majibu hayo hayakuwa yamefikishwa kwa watetezi wake. Aliachiwa 2003. Alikufa 2007.

Australia, Kathleen Folbigg alizika watoto wanne, akafungwa 2003 kwa vifo vyao. Miaka mingi baadaye timu ya Carola Vinuesa ikasoma jeni zake na kukuta badiliko kwenye jeni iitwayo CALM2, inayosimamia mapigo ya moyo, na mabinti zake wawili walikuwa wamelirithi. Mmoja wao, Laura, alikutwa pia na mchochota wa misuli ya moyo, na watafiti walieleza kwamba maambukizi ya siku zile huenda ndiyo yaliyouchokoza moyo uliokuwa tayari na kasoro. Baada ya miaka 20 gerezani, Folbigg alipata msamaha Juni 2023, na hukumu zikafutwa Desemba mwaka huo.

Basi usiseme "kamlalia". Hujui. Kama familia iko tayari, uchunguzi wa maiti ni msaada kwa mtoto atakayefuata, na si lazima uwe upasuaji mkubwa: kule Kisumu na Siaya mradi wa CHAMPS, wa kutafuta sababu za vifo vya watoto, umekuwa ukipata majibu kwa kuchukua vipande vidogo vya tishu kwa sindano, kwa ridhaa ya wazazi, na mwili unarudishwa ukazikwe kama ilivyo desturi. Mahali mtoto alipolala pasifagiliwe kabla daktari au polisi hajapaona, kwa sababu godoro na shuka vinaweza kumtetea mama kuliko maneno yake.

Na kuna jambo moja ambalo wanaokaa matangani hawalifikirii. Maziwa yataendelea kumjaa. Siku ya pili au ya tatu baada ya mazishi kifua kitakuwa kigumu kama jiwe, na ataona aibu kusema mbele za watu. Mwanamke mmoja amwingize chumbani. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, maana akikamua yote yatazidi kuja. Asijifunge kanga ya kubana. Ameze panadoli akihitaji. Akipata homa au wekundu apelekwe hospitali. Mpe kitambaa cha maji baridi, ukae naye mpaka kipate joto, umbadilishie kingine.